Mdogo wangu akila ngano kichwa kinakuwa kizito, akirudi mgombani anapona. Chakula kinaweza kuvuruga akili kweli?

#1 MamaKibosho
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mawazo, hasa kwa wanaojua mambo ya afya.

Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 26, yuko Arusha, Sakina, anafanya kazi gereji. Tangu mwaka jana analalamika kichwa kizito. Hakiumi, anasema ni kama ukungu umetanda ndani. Anatumwa kitu asubuhi, mchana hana habari nacho. Anashika spana halafu anasimama, hakumbuki alikuwa anafungua nini. Hasira za ghafla, usingizi hakuna, tumbo limejaa gesi muda wote. Zahanati alipimwa malaria na taifodi, akapewa dozi, akamaliza, hali ile ile.

Mwezi wa saba akaja nyumbani Kibosho. Kala kiburu, mtori, mnafu, maharage ya shambani. Haikuchukua muda tukamwona anacheka, anakumbuka mambo, anaamka mwenyewe kukata majani ya ng'ombe. Karudi Arusha: asubuhi supu na chapati, mchana chapati maharage, jioni chipsi na soda. Ukungu ukarudi. Sasa ameamua mwenyewe kwamba ni ngano, ameacha chapati na mkate.

Chakula kinaweza kumvuruga mtu akili kiasi hicho, au tunajidanganya?

#2 ChaliiWaSakina
Sakina hapa. Chapati zetu zisisingiziwe jamani, tumekulia hizo. Ngoja waje wajuzi, mimi nimeshakaa.

#3 KahawaChungu
Mama Kibosho, pole. Kabla hujafika kwenye ngano, muulize anakunywa nini gereji. Vijana wa gereji na bodaboda wanaishi kwa enaji. Kafeini inachukua kama saa tano ndipo nusu yake itoke mwilini. Akinywa chupa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu bado inazunguka kwenye damu. Usiku halali, asubuhi anaongeza nyingine ili aamke. Mtu wa hivyo atasahau mpaka jina lake, na ngano haina kosa lolote. Kibosho hakuwa nazo, akalala, akapona. Hesabu hiyo mbona iko wazi.

#4 Muuguzi_Mstaafu
Mama Kibosho, dalili ulizotaja zinastahili kuchunguzwa, msizipuuze.

Kuna ugonjwa unaitwa seliaki. Kinga ya mwili inashambulia utumbo mwembamba kila mtu anapokula gluteni, ile protini ya ngano na shayiri. Aliyeufungua macho ulimwengu ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alishaanza kuishuku ngano kabla ya vita, halafu ikaja njaa kubwa ya 1944 na 1945, mkate ukakosekana kabisa. Watoto wote walikuwa wanadhoofu, lakini wale wa seliaki wakawa na nafuu. Mkate uliporudi, wakaanza kuumwa tena.

Ugonjwa huu haukai tumboni tu. Wapo wanaopata upungufu wa damu, uchovu, sonona, kusahau. Daktari Hadjivassiliou wa Sheffield, Uingereza, alianza kuandika miaka ya 1990 kuhusu wagonjwa wanaopepesuka wakitembea kwa sababu gluteni imechokoza kinga ikashambulia ubongo mdogo wa nyuma, na wengine hawana shida ya tumbo hata kidogo. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, inawezekana.

Lakini hapa naomba unisikilize vizuri. Kipimo cha damu cha seliaki kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza mtu akiwa anakula ngano. Akiacha muda mrefu zinapungua, kipimo kinasema yuko salama kumbe sivyo. Amekosea kidogo mpangilio: alitakiwa apime kwanza, aache baadaye.

#5 BabuMarangu
Mimi nasema tangu zamani. Ngano si chakula chetu. Babu zetu walikula ndizi, ulezi, maharage, maziwa na nyama, hukusikia mtu ana sonona. Haya mambo yameletwa na mkate.

#6 NganoKaratu
Meku Marangu, shikamoo, ila hapo nakupinga kwa heshima. Huku Karatu tumelelewa na ngano. Basotu kule Hanang mashamba ya ngano yamelimwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970, watu wamezaa na kuzeeka humo wakiwa timamu. Na huzuni ilikuwepo zamani vilevile, ila mtu aliambiwa amerogwa au ni mvivu, akafungiwa ndani.

#7 BabuMarangu
Marahaba mjukuu. Huzuni ilikuwepo, sikatai, lakini si kama hii ya sasa.

#8 MtuWaRau
Naona mnabishana bila kutaja utafiti uliofanyika hapa hapa Moshi. Watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliutoa 2025. Walichukua wanaume vijana 77 wa Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha kijijini wakapewa chakula cha kizungu wiki mbili: soseji, mkate mweupe, chipsi. Waliozoea vyakula vya mjini wakarudishwa kwenye ndizi, mboga za majani, maharage, ulezi. Kundi la tatu wakanywa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, wiki moja.

Waliohamia soseji damu yao ikaonyesha kinga imewaka kama vile mwili unapigana na adui ambaye hayupo. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na wale wa mbege, ikatulia. Na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Wiki mbili tu hizo! Sasa mdogo wake Mama Kibosho amekaa Arusha muda gani?

#9 ChaliiWaSakina
Kundi la mbege walikuwa wanachukua watu wapi? Naulizia rafiki.

#10 Muuguzi_Mstaafu
#8 umeuleta vizuri, na ni utafiti wa kujivunia. Niongeze mipaka yake. Walikuwa wanaume wenye afya, wachache, kwa muda mfupi, na walichopima ni damu. Hakuna aliyeulizwa kuhusu kumbukumbu wala huzuni. Ni kweli baadhi ya wagonjwa wa sonona wana hizo alama za kinga kuwaka, lakini kutoka kwenye damu ya kijana wa Rau mpaka ukungu wa kijana wa Sakina bado kuna daraja halijajengwa.

Na mbege ni pombe, chalii. Wiki moja ya utafiti chini ya uangalizi si ruhusa ya kushinda kilabuni. Mnywaji wa kila siku asiyekula vizuri anaishiwa vitamini B1, anaanza kupepesuka, macho yanacheza, anachanganyikiwa. Nimewapokea wodini wengi wa namna hiyo.

#11 DadaPasua
Nilisoma kwamba asilimia 90 ya serotonini, ile kemikali ya furaha, inatengenezwa tumboni. Kwa hiyo ukila vibaya furaha inakatika hapo hapo. Mbona jambo ni rahisi.

#12 Muuguzi_Mstaafu
Dada, hiyo asilimia ni ya kweli, ila serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Ubongo unatengeneza ya kwake. Utumbo na ubongo vinaongea kwa njia nyingine, kuna mshipa mrefu wa fahamu unaounganisha tumbo na kichwa, kuna homoni, kuna hiyo kinga tuliyoitaja. Mawasiliano yapo, lakini si bomba la furaha.

#13 FundiNjiro
Ngoja niseme ya kwetu, labda itamsaidia mtu.

Mzee wangu ana sukari, anatumia metfomini miaka mingi. Akaanza kusahau. Anatoka Njiro kwenda sokoni Kilombero anarudi mikono mitupu, anauliza alikwenda kufanya nini. Akawa anashuku watu, anasema tunamwibia. Miguu inakufa ganzi, viatu vinamvuka hajui. Sisi tukasema ni uzee, sukari imepanda kichwani. Mtoto wa shangazi anayesomea udaktari ndiye aliyeuliza kama amewahi kupimwa vitamini B12, maana metfomini ikitumika muda mrefu inapunguza B12. Na mzee nyama alishaacha kwa sababu ya meno. Akapimwa, ikawa chini sana. Akachomwa sindano. Ganzi haijaisha yote, lakini akili imerudi, anatuhesabia hela za kodi ya nyumba mpaka shilingi.

Kwa hiyo mimi nasema tatizo si lazima liwe kile mtu anachokula. Linaweza kuwa kile ambacho hali.

#14 MamaKibosho
Asante fundi, Mungu amzidishie mzee. Asante muuguzi. Nasoma zote.

#15 Mwl_Tengeru
Fundi umenigusa. Kuna ugonjwa mzima wa historia unaothibitisha hilo, pelagra. Ngozi inachunika mahali pa jua, mtu anaharisha, mwisho anachanganyikiwa. Kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 hospitali za vichaa zilijaa watu wa namna hii, na wakubwa wakaamini ni ugonjwa wa kuambukiza wa maskini. Daktari Joseph Goldberger akakataa. Mwaka 1915 aliwapa wafungwa waliojitolea kule Mississippi chakula cha mahindi na wanga mtupu, baadhi wakapata pelagra. Mwaka 1937 ndipo ikajulikana kinachokosekana ni niasini, vitamini B3.

Ajabu ni kwamba mahindi yana niasini, ila imefungwa, utumbo hauwezi kuichukua. Watu wa Mexico wanachemsha mahindi na chokaa, inafunguka. Mahindi yalipopelekwa Ulaya na kwingine, ujuzi wa chokaa ukabaki Mexico. Na Malawi mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliugua pelagra kwa sababu mgao wa karanga ulikatika, wakabaki na mahindi.

Kwa hiyo mtu wa Arusha anayekula ugali na kachumbari kila siku asidhani yuko salama kwa sababu tu hali ngano. Pia Mama Kibosho, kijana hajawekwa kwenye dawa za kukinga TB? Isoniazidi inachezea vitamini B6, ndiyo maana hospitali wanaitoa pamoja na vidonge vya B6. Wengine wanakunywa moja wanaacha nyingine.

#16 LoshoroNaMaziwa
Mwalimu, sasa sisi tunaoweka magadi kwenye makande na loshoro si tunafanya kama hao wa Mexico?

#17 Mwl_Tengeru
Swali zuri sana. Magadi nayo yanakata makali ya nafaka kama chokaa, lakini yetu ya kaskazini yana shida yake, yamejaa floraidi. Kwenye maji tayari tunayo, ukipita Maji ya Chai na Ngurdoto utaona kwenye meno ya watoto. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kuna visima vinapita hapo kwa mbali. Ukiongeza magadi kwenye maharage umeongeza juu yake.

#18 KahawaChungu
Floraidi na akili wapi na wapi? Hiyo ni meno na mifupa. Wameru na Waarusha wana meno ya kahawia na ni matajiri wa akili, wameshatuuzia viwanja wote.

#19 Mwl_Tengeru
Mkuu, mwaka 2024 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza sumu ilipitia tafiti nyingi ikasema, kwa uhakika wa kati, kwamba watoto wanaokunywa maji yenye zaidi ya miligramu 1.5 wanaelekea kuwa na alama za chini kwenye vipimo vya akili. Ni uhusiano, na wengine wanaupinga. Lakini ni watoto wetu. Kuchemsha hakuondoi floraidi, maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki na inazidi kukolea. Ngurdoto pana kituo kilichofanyia kazi chujio la mkaa wa mifupa, mwenye mtoto mdogo aulizie.

#20 NganoKaratu
Ila kijana wa Kibosho kakulia maji ya mlimani. Floraidi inaweza kumpa ukungu ndani ya mwaka mmoja?

#21 Mwl_Tengeru
Kwa huyo siishuku. Nilijibu magadi.

#22 TajiriWaKitimoto
Mbona hakuna aliyetaja kitimoto? Kijana wa gereji Arusha, mwisho wa wiki lazima apite. Mdudu anaingia kichwani kupitia ile nyama isiyoiva. Nina jirani alianza kifafa ukubwani, wakampiga picha ya kichwa wakakuta vifuko vya tegu.

#23 Muuguzi_Mstaafu
Jirani yako pole sana, na tatizo hilo lipo kweli kaskazini, wataalamu wamelifuatilia hospitali ya Haydom kwa miaka mingi. Ila njia yake wengi hawaijui. Ukila nyama yenye vifuko isiyoiva, unapata mnyoo wa tegu tumboni. Vifuko vya kichwani vinatokana na kumeza mayai ya tegu, na hayo yanatoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo: mikono isiyonawiwa, mboga zilizomwagiliwa maji machafu. Maana yake hata asiyegusa nguruwe maishani anaweza kuyameza kwenye kachumbari ya mwenzake. Kifafa kikianza ukubwani mtu apelekwe hospitali apigwe picha, asipelekwe kwa mganga.

#24 DadaPasua
Mimi nimepimwa na ile mashine ya mwili mzima pale mjini. Unashika kichuma mkononi, kompyuta inaandika. Iliniambia nina mzio wa vyakula 14 na ubongo wangu una sumu. Nikauziwa virutubisho. Mama Kibosho mpeleke.

#25 FundiNjiro
Dada Pasua, ulishika kichuma na hukutolewa hata tone la damu. Kingamwili imeonekanaje? Na aliyepima ndiye aliyeuza dawa. Mimi nilitengeneza redio miaka, kile kichuma kinapima jasho la kiganja chako.

#26 Muuguzi_Mstaafu
Naunga mkono fundi. Hata vile vipimo vya damu vya kingamwili za IgG vinavyotoa orodha ndefu ya vyakula, vyama vya madaktari wa mzio vinasema visitumike, maana IgG inaonyesha tu kwamba umewahi kukila hicho chakula. Nimeona mama ameacha maziwa, mayai, maharage na karanga kwa karatasi ya namna hiyo, akaishia kuugua kweli kwa kukosa lishe.

Njia isiyo na gharama ni daftari. Unaondoa kitu kimoja kwa wiki kadhaa, unaandika usingizi, tumbo, hasira, unakirudisha chenyewe peke yake, unaandika tena. Ukiondoa vitu kumi kwa mpigo hujui kilichokuponya ni kipi.

#27 LoshoroNaMaziwa
Au ni maziwa? Wengine wakubwa hawana uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, tumbo linajaa. Sisi wafugaji tuna bahati. Mwaka 2007 akina Tishkoff walionyesha wafugaji wa Tanzania na Kenya wana badiliko lao kwenye vinasaba linalowaruhusu kunywa maziwa ukubwani, tofauti na la Wazungu.

#28 MtuWaRau
Nyumbani Kibosho kuna ng'ombe, angeumwa zaidi kule kuliko Arusha. Labda walikunywa mtindi, huo ni mwepesi.

#29 BibiMachame
Wanangu, mmesahau madini joto. Sisi wa milimani rovu lilikuwa kawaida kabla ya chumvi ya madini joto kuja miaka ya 1990. Tezi ya shingo ikizembea, mtu anakuwa mzito, anasikia baridi, anasahau, analia bila sababu. Dada yangu aliitwa mvivu maisha yake yote kumbe ni tezi. Apimwe tezi. Na apimwe damu. Vijana wa sasa kila mlo na chai ya rangi, chai inazuia madini ya chuma. Kisusio, supu yetu ya damu, wanakikimbia.

#30 UstawiMjini
Nimesoma wote kwa makini. Naomba niseme lile ambalo halijasemwa.

Kijana alipokwenda Kibosho hakubadilisha chakula peke yake. Alilala bila kelele za baa. Alikuwa na mama yake. Alikata majani asubuhi kwenye jua. Hakuna bosi, hakuna deni la vikoba, hakuna chumba cha kupanga peke yake. Kazini kwangu napokea vijana kama huyu kila wiki, na wengi wanataka sana iwe ni chakula, kwa sababu kusema "ngano inanisumbua" hakuna aibu, kusema "nina sonona" kuna aibu.

Sisemi chakula si kitu. Australia mwaka 2017 kundi la Profesa Felice Jacka lilitoa utafiti wa watu 67 wenye sonona. Kwa wiki 12 wengine walisaidiwa kubadilisha mlo: mboga, maharage, samaki, nafaka zisizokobolewa. Wengine walipata mtu wa kuongea nao. Wa mlo karibu theluthi moja sonona iliisha, wa maongezi asilimia 8. Ni matokeo makubwa, ingawa watu walijua wako kundi gani, na hilo linaweza kuvuta matokeo. Wengi wao pia walikuwa kwenye dawa au tiba ya maongezi na hawakuacha. Hilo naliweka mbele ya kila mtu anayesoma hapa: kama uko kwenye dawa za akili, usiziache kwa sababu umeanza kula mtori.

#31 KahawaChungu
#30 umenena. Ila swali langu la enaji halijajibiwa.

#32 MamaKibosho
Nimempigia leo nikamsomea uzi wote. Majibu yake:

Enaji anakunywa, moja, akikesha mbili. Dawa za TB hapana. Maziwa Kibosho alikunywa mtindi kila siku bila shida. Kitimoto anakula. Amepungua, suruali zinamvuka, na hilo hakuwa ameniambia. Kuhusu msongo, alinyamaza, halafu akasema tutaongea nikija. Dada wa #30, asante, nitaenda mwenyewe.

Ila anasema ameacha ngano na nafuu ni kidogo tu. Sasa hivi anakula ugali, wali, na asubuhi uji wa lishe.

#33 Muuguzi_Mstaafu
Kupungua mwili pamoja na tumbo na kichwa, hapo sitaki tena mjadala wa mtandaoni. Aende hospitali kubwa, achunguzwe wingi wa damu, tezi, sukari, B12, choo, na VVU na TB kama kawaida kwa anayepungua. Aulize pia kipimo cha seliaki kama wanakifanya hapo au wanapeleka sampuli kwingine.

Na huo uji wa lishe umechanganywa nini?

#34 MamaKibosho
Ananunua umeshafungwa dukani. Kasoma pakiti: mahindi, soya, karanga, ulezi, ngano.

#35 ChaliiWaSakina
Ngano hiyo hapo. Hajaiacha.

#36 Muuguzi_Mstaafu
Basi ndiyo afadhali kwa upande mmoja, mwili bado unaiona. Lakini bakuli moja la uji lenye ngano kidogo halitoshi kwa kipimo. Mwongozo wa Uingereza unataka ngano kwenye zaidi ya mlo mmoja kwa siku, angalau wiki 6, ndipo damu ichukuliwe.

#37 BabuMarangu
Yaani kijana anaumwa halafu mnamrudishia chapati wiki sita? Arudi Kibosho ale ndizi, akipona amepona. Karatasi ya nini?

#38 FundiNjiro
Mzee wangu, shikamoo. Bila karatasi angeendelea kuishuku ngano, na wangu angeendelea kuitwa mzee aliyechoka. Kama ni seliaki ni ya maisha, hata mashine iliyosaga ngano kabla ya ulezi wake inamhusu. Kama siyo, anajinyima chapati bure na tatizo lenyewe linaendelea.

#39 MamaKibosho
Yeye mwenyewe amekataa kurudi kwenye chapati. Anasema atapima vingine vyote kwanza, hicho cha ngano baadaye. Jumatatu nashuka Arusha, tunakwenda pamoja. Kuna mtu anajua mashine Ngaramtoni au Sakina inayosaga ulezi peke yake?

#40 LoshoroNaMaziwa
Ngaramtoni siku ya soko wako kina mama wanasaga wa kwao nyumbani. Nenda asubuhi, uliza wanaouza ulezi mbichi, watakuelekeza. Chukua na mtindi.